Kuka (babu) alikufa 1964, faili yake ikafunguliwa 1991: kusaka ukoo kwa karatasi za mirathi

Wakati nilianza kutafuta habari za kuka yangu nilimaliza karibu miezi mitatu nikipitia Kenya Gazette, lile gazeti rasmi la serikali, za 1964 na 1965, ukurasa kwa ukurasa, usiku, hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, bando inaisha naongeza ingine, kwa sababu kila mtu nyumbani Bunyore alikuwa anasema mzee alikufa mwaka mmoja baada ya uhuru na mimi nikajiambia basi karatasi za mirathi yake lazima ziwe za huo mwaka ama ule unaofuata. Hakukuwa na kitu. Jina lake lilikuwa kwa Gazette ya 1991. Miaka ishirini na saba baada ya mazishi.

Nimeona watu wengi wakikwama mahali nilikwama, ndio maana naandika hii. Kwetu faili ya mirathi haifunguliwi mtu akifa, inafunguliwa shamba likitaka kusonga. Mzee anazikwa, watoto wanaendelea kulima pale pale, kila mtu anajua mpaka wake ni ule mti wa lusiola, na maisha yanaenda hivyo hata miaka thelathini bila mtu kukanyaga kotini. Halafu siku moja mtu anataka kuuza robo eka alipe karo, ama benki inaitisha taito (hati ya shamba) ya mkopo, ama barabara inapita na kuna pesa ya fidia, na wote wanagundua taito bado iko kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Hapo ndio wanakimbia kwa chifu na kwa loya na wanaanza kile watu wote huita saksesheni, yaani kesi ya mirathi. Kwa hivyo ukitafuta mtu wako kwa mwaka wa kifo utakosa mara nyingi sana. Anza na mwaka wa kifo, sawa, lakini songa mbele mpaka leo, na ukiwa mvivu ruka moja kwa moja hadi miaka ya 80 mwisho na 90, kwa sababu nitaeleza chini, sheria yenyewe ilibadilika 1981.

Shida ingine ni kwamba maelezo mengi unayoyapata kwa mtandao yameandikwa na Waingereza kwa Waingereza. Wanakwambia tafuta wosia. Kwao hiyo inafanya kazi vizuri, tangu 1858 wosia zote na granti zote (karatasi za koti za kumpa mtu usimamizi wa mali) za Uingereza na Wales zinaenda kwa serikali na kuna orodha ya kila mwaka, unaingiza jina la ukoo na mwaka kwa saiti ya serikali yao unapata mtu, anwani yake, siku aliyokufa, nani alipewa usimamizi na mali ilikuwa ya pesa ngapi. Kabla ya 1858 ilikuwa kazi ya makoti ya kanisa, na zile za koti kubwa ya Canterbury ziko National Archives kule Kew kuanzia 1384. Ni utajiri, sikatai. Lakini mtu wa Kakamega akichukua hiyo njia vile ilivyo atafikiri ukoo wake haukuacha hata karatasi moja, kumbe ziko, tu haziitwi wosia. Wazee wetu wengi walikufa bila kuandika wosia wowote, na mtu akifa hivyo familia inaomba koti barua za usimamizi. Hizo ndizo unatafuta. Wosia ukipatikana ni bahati.

Na hata wosia wa mdomo sheria yetu inaukubali, lakini kwa masharti: mzee ausema mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na afe ndani ya miezi mitatu tangu aseme. Akiishi zaidi ya hapo, yale maneno hayahesabiki tena kama wosia, isipokuwa mwanajeshi aliye vitani. Nimeisoma kwa hukumu zaidi ya moja, familia inasema baba alituita akagawa, jaji anauliza lini, na nani alikuwepo. Kwa mtu wa historia ya ukoo hiyo ni dhahabu hata kama koti imekataa, kwa sababu mashahidi wanaeleza kikao kilikaa wapi na nani alikaa karibu na mzee.

Sasa notisi ya Gazette. Kenya Gazette hutoka kila Ijumaa, na tangu sheria ya mirathi ianze kutumika tarehe 1 Julai 1981, maombi ya usimamizi hutangazwa na watu wanapewa siku 30 za kuja kupinga. Notisi ni fupi, mistari michache ya Kiingereza cha koti, lakini kila mstari uko na kazi. Kuna jina la koti, tuseme Koti Kuu ya Kisumu ama Kakamega ama Nakuru, ama koti ya hakimu pale Bungoma. Kuna namba ya kesi na mwaka, hiyo andika haraka kwa daftari kwa sababu ndiyo ufunguo wa kila kitu kingine. Kuna jina la aliyeomba, sanduku lake la posta, na yeye ni nani kwa marehemu, mjane, mtoto wa kiume, ndugu, mkaza mwana. Halafu marehemu mwenyewe, alikuwa mkaaji wa wapi, alifia wapi, tarehe gani.

Usipuuze lile sanduku la posta. Mashambani watu wengi hawakuwa na sanduku lao, walikuwa wanatumia la shule ya msingi ama kanisa ama duka la mtu sokoni, kwa hivyo hilo sanduku linaweza kukuonyesha kijiji wakati notisi imeandika tu Kakamega. Na mahali pa kufia pia soma vizuri. Ukiona New Nyanza General Hospital jua hiyo ni Russia ya Kisumu, ile ilijengwa kwa msaada wa Warusi na leo inaitwa Jaramogi Oginga Odinga. Notisi ikisema marehemu ni wa Vihiga lakini alifia Nakuru, hapo kuna hadithi, aidha alikuwa na mtoto anafanya kazi huku, aidha alikuwa na boma lingine.

Gazette zenyewe ziko bure. Ziko kwa saiti ya Kenya Law, ziko Gazettes.Africa, na Google Books walizipiga skani nyingi sana za zamani mpaka za 1899 wakati lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni. Mimi hutumia zote tatu kwa sababu kila moja inasoma maandishi tofauti. Hii ni kitu muhimu: ile kompyuta inayosoma picha ya karatasi inakosea, herufi e inageuka c, m inakuwa rn, na zile za zamani wino umefifia, kwa hivyo jina la mzee wako linaweza kuwa pale na usilione ukitafuta. Ukikosa kwa jina la marehemu tafuta kwa jina la yule unadhani aliomba, baba mkubwa ama shangazi. Ukikosa hapo tafuta kwa jina la mji pamoja na jina moja tu. Ukikosa tena, fungua Gazette moja moja uende ile sehemu ya mirathi usome kwa macho. Inachosha lakini inalipa, mimi kuka nilimpata hivyo, kwa macho, jina lake lilikuwa limekatwa katikati mwisho wa mstari.

Kuna pia notisi za Msimamizi wa Umma, ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu, zile zimepangwa kama jedwali, jina, anwani, siku ya kufa, kama kuliachwa wosia ama la. Hapo utapata watu waliokufa wakiwa kazini mbali na kwao, kwa hivyo mtu wa ukoo aliyeenda akapotea mjini anza kumtafuta huko.

Ngoja nirudi kwa faili yenyewe, maana notisi ni mlango tu.

Ndani ya faili ya mtu aliyekufa bila wosia kuna ombi na hati ya kiapo, watu wa koti wanaiita P&A 5, na sheria kwa kifungu cha 51 inataka mwombaji ataje wake ama mume aliyebaki, watoto wote, wazazi, ndugu na dada, na pia watoto wa mtoto yeyote ambaye ameshakufa. Soma hiyo tena taratibu kama wewe ni mtu wa kuchora ukoo. Ni hata vizazi vinne kwa karatasi moja, na majina yameapiwa mbele ya kamishna wa viapo. Kuna orodha ya mali na namba za mashamba, na ng'ombe wakati mwingine, na madeni. Kuna cheti cha kifo. Kuna barua ya chifu inayosema anamjua marehemu na hawa ndio warithi wake. Kuna fomu za warithi kukubali, na sahihi ama alama ya kidole gumba, na mimi nakwambia kuona alama ya kidole cha nyanya yako kwa karatasi ya koti ni kitu kinakushika koo. Mwisho kuna cheti cha kuthibitisha granti, kwa kawaida baada ya miezi sita, kinachoonyesha nani alipata kipande gani.

Lakini ile orodha si lazima iwe ya kweli. Ni orodha ya mtu mmoja aliyetaka shamba lisonge. Kwa faili ya kuka, baba mkubwa aliapa kwamba mzee aliacha mjane mmoja na watoto sita. Ningeishia hapo ningechora watu sita nikafunga. Nikafunua kurasa mbele nikakuta pingamizi, imeandikwa kwa mkono, ya mwanamke wa Njoro anayesema yeye ni binti wa marehemu kutoka nyumba ya pili, kwamba mama yake aliolewa kwa mila wakati kuka alikuwa anafanya kazi ya reli na walikaa landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, hapa Nakuru, na kwamba wako watatu na hakuna mtu aliwauliza. Chifu akaandika barua ya pili. Sasa kukawa na wajane wawili na watoto tisa. Mimi nimekulia Nakuru, nimepita hizo landhi mara ngapi nikienda shule, na sikujua nina shangazi umbali wa nauli ya matatu moja.

Kwa hivyo ukipata faili usisome fomu ya kwanza peke yake. Soma pingamizi, soma viapo vya kujibu, soma maombi ya kufuta granti ambayo huja chini ya kifungu cha 76, hata miaka mingi baadaye. Pale ndugu wanapozozana ndipo wanaeleza nani alizaliwa wapi, nani aliolewa na nani, mahari ilipelekwa na kina nani, nani alizikwa boma gani. Familia iliyoelewana imeacha karatasi tano. Familia iliyogombana imeacha kitabu.

Na wanaokosekana mara nyingi ni mabinti, hasa walioolewa, na nyumba ndogo, na watoto waliokuja na mama yao. Sheria ya 1981 inasema watoto wote, haibagui msichana na mvulana, na Mahakama ya Rufani ikikaa Eldoret ilisema wazi kwa kesi ya Rono mwaka 2005 kwamba binti asinyimwe fungu sawa na kaka zake kwa sababu tu ataolewa. Mwanamke aliyeolewa kwa mila pia anahesabiwa mke. Lakini kuna kitu hapa watu wanachanganya: mzee aliyekufa kabla ya Julai 1981, kugawa mali yake kunafuata sheria ama mila ya siku aliyokufa, hata kama faili imefunguliwa juzi, ila zile fomu na taratibu ni za sheria mpya. Ndiyo maana utapata faili ya 1991 ambayo mabinti wametajwa kama watoto mwanzoni lakini kwa ugawaji hawako. Ukiangalia cheti cha mwisho tu utasema mzee hakuwa na wasichana. Rudi kwa ile P&A 5.

Kuhusu kabla ya 1981, hapa matumaini yanapungua na heri ujue mapema. Mwafrika alirithiwa kwa mila ya kabila lake, wazee wanakaa, ukoo unaamua, hakuna faili. Sheria ya kumruhusu Mwafrika aandike wosia ilikuja 1961, Nabongo Mumia mwenyewe, mfalme wa Wawanga, alikuwa amekufa miaka kumi na mbili nyuma, 1949. Mashamba yalipoanza kupimwa na kusajiliwa, mtu akifa koti ya chini ilikuwa inaamua warithi wake kwa kufuata mila na karatasi inaenda kwa rejista ya ardhi, kwa hivyo kwa kipindi hicho cha kati ofisi ya ardhi inaweza kuwa na kitu ambacho koti haina. Uliza ile watu wanaita green kadi ya shamba, inaonyesha mwenye wa kwanza na kila jina lililofuata na tarehe. Mimi siku hizi naanza na namba ya shamba kabla ya jina la mtu, kwa sababu jina linabadilika tahajia lakini namba ya ploti haibadiliki mpaka igawanywe, na ikigawanywa inaandikwa imezaa namba gani.

Hata cheti cha kifo usikitegemee sana kwa wazee hao. Kuandikisha vizazi na vifo kwa Waafrika kulienda wilaya kwa wilaya kuanzia miaka ya 60 mwanzo, kukafika nchi nzima 1971. Faili nyingi za waliokufa kabla ya hapo zimewekwa cheti kilichoandikishwa kwa kuchelewa, na tarehe yake ni ile wazee walikubaliana. Ukiona mzee amekufa tarehe 1 Januari, jiulize.

Kitu kingine cha bure ni hukumu. Kenya Law wameweka hukumu za mirathi maelfu kwa maelfu, nyingi zimeanza na maneno ya Kiingereza In re Estate of halafu jina la marehemu. Unaandika hayo maneno, jina la ukoo, na mji wa koti, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nakuru, Eldoret. Jaji akianza kuandika lazima aeleze familia, nyumba ya kwanza ilikuwa na nani, ya pili nani, marehemu alihama lini, kwa hivyo kurasa mbili za kwanza za hukumu mara nyingi ni mti wa ukoo uliochorwa kwa maneno. Nimesoma hukumu ya Siaya inaanza na babu wa babu. Na usitafute jina lako tu, tafuta jina la kijiji chako, maana majirani wako walipeleka wazee wako kuwa mashahidi.

Sasa majina, hapa ndio kuna mateso. Karani wa mkoloni aliandika vile alivyosikia, misheni ikaongeza jina la ubatizo, mwajiri akaandika lake kwa kipande, kile kitambulisho cha kazi cha wakati wa mkoloni, na mtoto akiandika baba yake kotini anaandika vile yeye anatamka. Khaemba na Kaemba, Wekesa na Wekhesa, Ochieng' iko na alama na Ochieng haina, na kwa Wajaluo wale wa zamani utaona jina, halafu s/o (son of, mtoto wa), halafu jina la baba, usidhani hiyo s ni ya jina. Koti ikigundua majina mawili ya mtu mmoja inaitisha kiapo kwamba ni yeye yule, na hicho kiapo ukikikuta kimekupa tahajia zote kwa pamoja. Majina yenyewe pia yanaongea, Wanjala wa njaa, Nafula wa mvua, Odhiambo wa jioni, hayatoi mwaka lakini yakilingana na njaa ambayo wazee wanaitaja unaweza kukaribia.

Mahali pia panabadilika. Kabla ya 1902 sehemu hizi zetu zote, Kisumu mpaka Nakuru, zilihesabiwa Uganda. Halafu utakutana na Kavirondo, North Nyanza, Central Nyanza, South Nyanza, Elgon Nyanza, na ukitafuta Siaya kwa karatasi za 1955 hutaipata, iko ndani ya Central Nyanza. Shamba leo liko Vihiga lakini taito imeandikwa Kakamega. Na faili pia ilienda pale koti ilikuwa, si pale kaunti iko leo, watu wa Vihiga walifungua Kakamega ama Kisumu kutegemea matatu inaelekea wapi. Usisahau pia makoti ya mahakimu, kwa miaka mingi mirathi isiyozidi shilingi 100,000 ilikuwa inaenda huko, na mashamba mengi ya kijijini yalikadiriwa chini ya hapo.

Kwa Waislamu wa Mumias, Kendu Bay na Kisumu, uliza koti ya Kadhi.

Kuna familia zetu ambazo hadithi yao imefungwa pamoja na ya setla (mzungu wa shamba) ama ya Mhindi, na hapo rekodi za nje zinasaidia. Watu wa Nakuru, Njoro, Molo, babu zao walikuwa skwota kwa mashamba ya wazungu. Setla akifa na mali pande zote mbili, granti ya huku ilikuwa inapelekwa London kupigwa mhuri ama ya kule inaletwa, kwa hivyo yuko kwa ile orodha ya Uingereza pamoja na jina la mahali kama Njoro ama Nakuru, Kenya Colony. Chukua Lord Egerton, yule wa Egerton Castle pale Ngata, aliyetoa shamba likaanzishwa chuo Njoro 1939. Alikufa 1958 bila mke wala mtoto, cheo kikaisha naye, na kwa wosia wake nyumba ya Tatton Park kule Uingereza ikaenda kwa National Trust, shirika la huko la kutunza majumba ya kale. Ukijua tarehe ya setla kufa na nani alichukua shamba baadaye, unaelewa kwa nini babu yako alihamishwa mwaka fulani, kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa anasema tu mzungu aliondoka. Wahindi wa Kisumu nao walikuwa wakiandika wosia zamani kabla yetu, wengi wana jamaa Uingereza sasa, na notisi zao ziko kwa Gazette za kikoloni kwa wingi, zimetaja duka liko mtaa gani.

Ukishapata namba ya kesi, kwenda rejistri ni lazima. Tangu 2024 kesi mpya nchi nzima zinafunguliwa kwa mtandao, lakini za zamani ni karatasi, zimefungwa kwa kamba, na huwezi kuzisoma ukiwa nyumbani. Unaandika barua fupi ya kuomba kusoma faili, unaeleza wewe ni nani kwa marehemu, unalipa ada, unaweka risiti. Rejistri moja ambayo sitaitaja iliniambia mara mbili faili haionekani, mara ya tatu nikabeba nakala ya ukurasa wa Gazette yenye namba na tarehe, karani akaenda stoo ya nyuma akarudi nayo imejaa vumbi. Enda mapema, enda katikati ya wiki, ongea na karani kwa heshima maana yeye ndiye anajua ile stoo. Zile zilizotolewa makotini zingine ziko vituo vya Nyaraka za Taifa, na viko Nakuru, Kisumu na Kakamega, si lazima ufike Nairobi.

Na kabla hujaweka picha ya hizo karatasi kwa grupu ya familia, tafadhali tulia. Zina namba za vitambulisho, zina watoto waliotajwa kuwa si wa mzee, zina wake waliokataliwa, na wengi bado wako hai. Mimi nilipopata ile pingamizi nilinyamaza wiki mbili. Halafu nikaenda kwa baba mkubwa, nikakaa naye peke yake, nikamuuliza, mzee akanyamaza sana halafu akasema walijua. Alikuwa anasubiri mtu aulize. Ndiye alinipa simu ya Njoro.

Shangazi alinipokea kwa chai na ndizi za kuchemsha na hakuuliza nataka nini. Alienda chumbani akarudi na karatasi ya nailoni, ndani kulikuwa na barua ya chifu, ile ya pili, na kipande cha kuka. Jina kwenye kipande lilikuwa na herufi mbili tofauti na tahajia zote tatu nilizokuwa nikitafuta nazo. Nilitoa simu nikiwa bado nimekaa pale nikaliandika kwa tahajia hiyo kwa Google Books. Kukatoka notisi moja ya 1973, ya Msimamizi wa Umma, mtu wa jina hilo la ukoo, wa Molo. Nikamsomea. Akasema huyo ni ndugu yake mdogo kuka, yule walikuwa wanasema alirudi Uganda.

Jumatano niko rejistri ya Nakuru.